Wimbo Usiohitaji Stima: Jinsi ya Kumlea Kiongozi wa Sifa na Timu Yake

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika kasi, stima ilipotea katikati ya wimbo wa tatu katika kanisa la mabati ambako nilikuwa nikiongoza sifa, upande wa Kondele hapa Kisumu. Kinanda kilinyamaza, spika zikanyamaza, na sisi waimbaji sita tuliokuwa jukwaani tukabaki tumeshika maikrofoni zilizokufa, tukitazamana. Wimbo ule tulikuwa tumeufanyia mazoezi kwa wiki tatu. Washirika hawakuujua, wala hapakuwa na namna ya kuuendeleza, kwa sababu uzuri wake wote ulikuwa ndani ya kinanda. Baada ya kimya kirefu cha aibu, mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi karibu na mlango alianzisha wimbo wa tenzi, sauti yake ikitetemeka kidogo, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza kanisa zima lilikuwa limempokea kwa sauti zote nne. Mimi niliyeitwa kiongozi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuingia.

Ibada ilipokwisha nilimwendea kumshukuru. "Asante sana, Mama. Leo umetuokoa."

"Mwanangu," akanijibu akiwa bado ameushika mkono wangu, "mnaimba vizuri. Lakini nyinyi mnaimba, na sisi tunawatazama. Siku nitakayolala, mtaniimbia nini kule nyumbani, na kule hakuna stima?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha namna ninavyozilea timu za sifa, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake. Katika sehemu hizi zetu, kuanzia Siaya hadi Vihiga na Kakamega, ni nadra mwezi kupita kanisa lisimsindikize mtu wake kaburini, na usiku wa matanga ndipo unapojulikana ukweli kuhusu kile ambacho kanisa limekuwa likifundishwa kuimba mwaka mzima. Anayeongoza sifa anawapa watu maneno ambayo watayatumia kumwomba Mungu wakati yeye hayupo. Akiwapa maneno mepesi, watayakosa siku ya uzito. Kwa hiyo kila shauri lililo hapa chini, liwe la kumpata kiongozi, la kuchagua nyimbo au la kupanga ufunguo (yaani jinsi sauti ya wimbo itakavyokuwa juu au chini), nimelipima kwa swali la mama yule.

Mtu kwanza, maikrofoni baadaye

Makanisa mengi humtafuta kiongozi wa sifa kwa masikio peke yake. Kijana anakuja kutoka chuoni akiwa na sauti nzuri, Jumapili ya tatu amepewa maikrofoni, na kabla ya mwaka kwisha amehamia kanisa jingine lenye mitambo bora zaidi, huku timu aliyoiacha ikigawanyika makundi mawili. Paulo alimwonya Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka (1 Timotheo 5:22), na sioni kwa nini onyo hilo liwahusu wachungaji peke yao ilhali mtu wa sifa husimama mbele ya watu kwa muda unaokaribia ule wa mhubiri.

Ninachoshauri ni miezi sita ya kukaa kwenye viti. Katika miezi hiyo, kijana ahudhurie ushirika wa nyumbani, asaidie kupanga viti na kufagia, aende matangani pamoja na wengine, na wakati huo wote usimwambie kwamba unamwangalia. Mtazame anavyoimba wakati haongozi, kwa sababu mtu ambaye huimba tu akiwa na maikrofoni mkononi hajaanza kuabudu. Mtazame pia anapokosolewa. Ukimwambia kwamba Jumapili iliyopita alichelewa na akakueleza habari za matatu na foleni kwa dakika tano, subiri kidogo. Akikuambia, "Pole, Mchungaji, nitaondoka nyumbani mapema," umepata mtu wa kufanya naye kazi.

Hata hivyo, tusiende upande wa pili na kusema kwamba moyo mzuri unatosha. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinasimulia kwamba Kenania aliwekwa juu ya uimbaji wa Walawi kwa sababu alikuwa stadi (1 Nyakati 15:22), na waimbaji waliofunzwa chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni walihesabiwa wakawa 288 (1 Nyakati 25:7). Nimewahi kuona kanisa likimvumilia kwa miaka mingi ndugu mcha Mungu asiyeweza kushika ufunguo, na kila Jumapili watu walilazimika kuukimbiza wimbo kama mtu anayekimbiza kuku. Ndugu huyo angefaa sana katika maombi au katika kuwatembelea wagonjwa, na kumwambia hivyo kwa upole kungekuwa upendo mkubwa kuliko kumwachia.

Zaburi tano kwa siku

Malezi ya rohoni hufanyika katikati ya wiki, mahali ambapo hakuna anayerekodi. Zoezi ambalo nimelipa kila timu niliyowahi kuifunza ni la zamani sana: kusoma Zaburi kwa sauti, tano kila siku, ili zote 150 ziishe kwa siku thelathini, kisha kuanza upya mwezi unaofuata. Zaburi ya 119 ina aya 176, kwa hiyo siku hiyo ipewe nafasi yake, na aliyelemewa asione haya kuigawa mara mbili. Jambo la lazima ni kusoma kwa sauti. Mdomo hujifunza kabla ya akili, na kiongozi ambaye mdomo wake umezoea Zaburi hatahangaika kutafuta la kusema siku stima itakapopotea.

Mwezi wa kwanza, vijana wengi huja kuniambia kwamba wameshangazwa na wingi wa machozi. Ni kweli, kwa maana karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo. Zaburi ya 13 inaanza kwa swali, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila hata aya moja ya kuturudisha kwenye furaha. Kijana aliyekuwa akidhani kwamba kuabudu ni kuinua mikono na kurukaruka anagundua kwamba Mungu mwenyewe ameruhusu kuulizwa maswali mazito, tena kwa wimbo. Mwachie ugunduzi huo umfanyie kazi ndani yake. Usiwe na haraka ya kumfafanulia.

Jambo la pili ni kuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Hapa magharibi mwa Kenya tuna urithi ambao tunaelekea kuusahau. Mwamko wa Afrika Mashariki, yaani uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika Kenya kabla ya muongo huo kwisha, uliwazoeza watu kile walichokiita kutembea nuruni, yaani kukutana kila wiki katika vikundi, kuungama dhambi kwa majina yake, kutoa ushuhuda na kuimba bila chombo chochote. Ungamo la aina hiyo lilikuwa na matatizo yake, kwa kuwa wengine waligeuza ushirika kuwa mahakama. Hata hivyo, timu ya sifa isiyo na mahali pa kuungama itaungamia mitandaoni, na hapo huwa tumechelewa. Wagawe watu wako wawili wawili au watatu watatu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wakutane mara moja kila wiki mbili, na kila kikundi kiwe na mzee wa kanisa au mama wa kanisa kinayemwendea. Yanayosemwa pale yasipelekwe jukwaani hata siku moja. Nimesikia viongozi wakiungama mambo mazito katikati ya wimbo, mbele ya watoto, kisha wakaendelea na kiitikio, na sijui ni nani aliyejengwa.

Kuhusu makesha, nitasema jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Kuipeleka timu nzima kwenye kesha la Ijumaa, halafu mazoezi ya Jumamosi, halafu ibada mbili za Jumapili, ni njia ya hakika ya kuwapasua sauti na kuwachosha mioyo. Panga zamu. Kulala usingizi nako ni sehemu ya malezi.

Kuchagua nyimbo: hapa ndipo kazi ilipo

Paulo aliwaagiza Wakolosai kwamba neno la Kristo likae kwa wingi ndani yao, wakifundishana na kuonyana "kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni" (Wakolosai 3:16). Wimbo kwa hiyo ni mwalimu, na mwalimu huyu huingia katika kila nyumba, hata ambako mahubiri hayafiki. Mama hukaanga omena akiimba ulichokichagua. Mtu wa boda boda hupiga mluzi wa kiitikio chako akisubiri abiria. Chagua ukikumbuka hayo.

Kabla wimbo haujaingia katika orodha ya kanisa, ninaupitisha katika jaribio la kwanza, nalo ni kuyasoma maneno yake bila sauti ya muziki, polepole, kama mtu anayesoma barua. Waombe watu watatu wa timu wayasome kwa zamu. Utashangaa ni nyimbo ngapi hubaki bila kitu pindi ngoma inapoondolewa: "mimi" zinajaa, "wewe" hajulikani ni nani, na maneno hayo hayo yangeweza kuimbwa kwa mchumba. Uliza: je, wimbo huu unataja jambo lolote ambalo Mungu amefanya? Sikatai nyimbo fupi. Mapambio mafupi yamewalea babu zetu, na mengi yana injili nzima katika mistari miwili. Ninachokataa ni utupu unaofichwa na sauti kubwa, jambo ambalo nabii Amosi alilisema kwa ukali kuliko mimi, pale Mungu alipotaka aondolewe kelele za nyimbo za watu wasiotenda haki (Amosi 5:23-24).

Jaribio la pili ni lile la matanga. Zima kila kitu, mwambie mpiga kinanda aweke mikono magotini, kisha mtu mmoja auanzishe wimbo na wengine waupokee. Ukisimama wenyewe kwa makofi na miguu, umefuzu. Ukianguka, haimaanishi kwamba ni wimbo mbaya, kwa kuwa upo uimbaji wa kwaya na wa watu maalumu ambao kanisa husikiliza kwa faida, lakini usiuhesabu miongoni mwa nyimbo za kusanyiko.

Katika jaribio hili sisi wa magharibi tuna mali tele ya kuanzia. Uimbaji wa kuitana na kuitikiana, ambapo mmoja hutupa mstari na umati kuupokea, ndio uliojenga ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Makanisa yaliyozaliwa hapa hapa yaliichukua njia hiyo mapema. African Israel Nineveh Church, lililoanzishwa na Paul David Zakayo Kivuli mwaka 1942 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Vihiga, limejulikana kwa miongo mingi kwa maandamano yake ya Jumapili, mavazi meupe na ngoma barabarani. Simama kando ya barabara wanapopita usikilize: mwanzishaji hana maikrofoni, ngoma inashika mwendo, na mtoto wa miaka sita anajua zamu yake ya kuitikia. Unaweza kutokubaliana na baadhi ya mafundisho yao na bado ukajifunza kwao namna ya kulifanya kusanyiko liimbe. Wimbo wako mpya wenye mistari mirefu mara nyingi unaweza kupangwa upya kwa njia hiyo, kiongozi akiimba mstari na watu wakijibu kwa maneno matatu au manne yasiyobadilika, na baada ya Jumapili mbili kila mtu atakuwa ameushika.

Lugha nayo ni suala la malezi, na Nakuru inalifundisha vizuri zaidi kuliko Kisumu. Mji ule ulikua kando ya reli iliyofika pale mwaka 1900, ukakusanya watu wa kila upande wa nchi, na mnamo Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, majirani walitendeana mambo ambayo makanisa mengi ya mitaa ya Kaptembwo na Langa Langa bado yanayabeba. Katika kusanyiko la namna hiyo, wimbo wa lugha ya mama unaweza kuwa zawadi au mwiba. Ukiimba Kikuyu kila Jumapili na Dholuo mara moja kwa mwaka, kila mtu anahesabu, hata kama hakuna anayesema. Nilipokuwa nikifundisha timu moja ya huko, tuliandika kwenye karatasi lugha ya kila wimbo ulioimbwa kwa miezi mitatu, na karatasi ile ilizua kimya kirefu kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kutoa. Tangu siku hiyo Kiswahili kilibaki kuwa mhimili, na kila mwezi lugha nyingine mbili zilipewa nafasi kwa zamu, wimbo ukifundishwa na mwenye lugha yake, naye akieleza maana yake kwanza. Mwanamume mmoja wa Kikalenjin alijifunza kuitikia kwa Kikuyu kutoka kwa mama aliyekuwa ameketi nyuma yake. Waliyoambiana baada ya ibada ni yao.

Kuhusu idadi, wimbo mmoja mpya kwa mwezi unatosha. Ufundishe Jumapili ya kwanza, urudie ya pili na ya tatu, halafu uupumzishe. Na katika kila ibada uwepo wimbo mmoja wa tenzi ambao wazee wanaujua kwa moyo, uimbwe beti zake zote, maana mara nyingi ubeti wa mwisho ndio unaozungumzia kifo na ufufuo, nao ndio tunaoukata ili kuokoa dakika.

Ufunguo

Hili litaonekana dogo, lakini limewanyamazisha watu wengi kuliko uvuguvugu wa rohoni. Nyimbo nyingi tunazozisikia redioni ziliimbwa na watu wenye vipaji vya pekee, katika ufunguo unaoonyesha kipaji hicho, na timu huuiga ufunguo huo huo. Matokeo yake, kiitikio kinapofika wanaume wanashuka oktavo, akina mama wanafunga midomo, na kiongozi anafikiri kwamba watu hawana Roho.

Kusanyiko la kawaida huimba bila taabu kati ya nota A iliyo chini ya C ya katikati na nota D iliyo juu ya C inayofuata, wanaume wakiimba hizo hizo oktavo moja chini. Chukua kinanda, tafuta nota ya juu kabisa ya wimbo na ya chini kabisa, kisha utumie kitufe cha kuhamisha ufunguo hadi zote mbili ziingie katika nafasi hiyo. Mara nyingi utashusha nusu-sauti mbili au tatu, pengine nne. Halafu mwite mtu ambaye si mwimbaji, mzee wa miaka sitini au mlinzi wa lango, aimbe na wewe. Akiukaza uso kwenye kiitikio, shusha tena. Kiongozi mwenye sauti ya juu atalalamika kwamba wimbo umepoteza moto. Mwambie kwa heshima kwamba moto unaotafutwa ni ule wa viti vya nyuma.

Jumamosi ya mazoezi

Ratiba ninayoipenda ni ya saa mbili na nusu. Nusu saa ya kwanza ni ya Neno na maombi, wakisoma andiko lile lile litakalohubiriwa kesho, na hapo mchungaji awe ametuma andiko lake kufikia Jumatano. (Wachungaji wanaotuma ujumbe Jumamosi usiku wasishangae nyimbo zikienda Kaskazini na mahubiri Kusini.) Saa nzima inayofuata ni ya sauti peke yake bila vyombo, soprano, alto, tenor na besi, kwa do-re-mi ikiwa wamefunzwa hivyo, na vyombo huingia mwishoni. Mpiga ngoma akianza mapema, hakuna atakayesikia makosa ya sauti mpaka Jumapili.

Fundi wa mitambo ya sauti ni mshiriki kamili wa timu. Aombe nanyi, aungame nanyi, apewe orodha ya nyimbo na maneno yake. Katika jengo la mabati, sauti hugonga ukuta na kurudi, kwa hiyo kuongeza sauti ya spika huongeza mkanganyiko tu. Geuza spika ziwatazame watu badala ya ukuta wa pembeni, usiache maikrofoni ikielekea spika kwa sababu ndipo mluzi unapoanzia, na punguza sauti ya timu hadi uweze kuwasikia washirika ukiwa umesimama jukwaani. Wasiposikika, hujui kama wanaimba. Zipo pia kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na mtaani Manyatta au Nyalenda, ambako ukuta wa kanisa ni ukuta wa jikoni kwa jirani, spika inayomnyima mgonjwa usingizi haihitaji NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndipo ijulikane kuwa ni kosa.

Jumapili yenyewe

Sema machache. Kiongozi akianza kuwakemea watu kwamba hawaimbi kwa nguvu, au akiwaambia kila baada ya mstari wamgeukie jirani, anakiri kwamba wimbo haujafanya kazi yake. Soma andiko fupi, taja wimbo, anza. Kati ya nyimbo mbili acha kimya kidogo, hata nusu dakika, na usimruhusu mpiga kinanda akijaze. Wamisionari wa Marafiki (Quakers) waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka katika desturi iliyokithamini sana kimya cha ibada, na ingawa mikutano ya Marafiki hapa Kenya leo imejaa nyimbo, sioni sababu ya sisi wengine kukiogopa.

Mvua ikipiga mabati mpaka usisikie sauti yako, usishindane nayo. Teremka jukwaani, waashirie watu waombe kila mmoja mahali pake au wakusanyike vikundi vikundi, na mvua ikipungua anzisha pambio ambalo kila mtu analijua. Na zamu yako ikiisha, iishe. Kiongozi anayebaki jukwaani akihubiri mahubiri madogo kabla ya mahubiri makubwa amechukua muda ambao si wake, na mara nyingi amechukua pia utulivu wa mhubiri.

Watu wa timu, wivu na nauli

Mengi yanayovunja timu hayahusiani na muziki. Ni nauli ambayo mmoja amepewa na mwingine hakupewa, ni mpiga kinanda wa kualikwa aliyelipwa shilingi kadhaa ilhali wa nyumbani hajawahi hata kununuliwa chai, ni dada aliyeongoza wimbo ambao mwenzake aliuona kuwa wake. Weka mambo ya pesa wazi, yaandikwe, na mzee wa kanisa ayasimamie badala ya kiongozi wa sifa. Zamu za kuongoza nazo ziandikwe. Waimbaji wa hekalu walipigiana kura za zamu, mdogo kama mkubwa, mwalimu kama mwanafunzi (1 Nyakati 25:8), na utaratibu huo ungetupunguzia nusu ya vikao vya upatanisho.

Mtu akianguka, apumzishwe kwa siri kadiri inavyowezekana, apewe wa kumtembelea, na arudishwe polepole akianzia kwenye viti. Usimtangaze kwenye kundi la WhatsApp. Na kila kiongozi awe na mtu mmoja anayemfundisha kuchukua nafasi yake, aongoze naye kwa miezi mitatu, kisha amwachie Jumapili nzima huku yeye mwenyewe akikaa nyuma kabisa ya kanisa na kuimba besi. Kukaa nyuma huko ni kugumu kuliko kufunga. Nilipojaribu mara ya kwanza nilihesabu makosa yote ya kijana wangu mpaka wimbo wa nne, ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimeimba hata mstari mmoja.

Usiku wa matanga

Angalau mara moja katika miezi mitatu, ipeleke timu matangani bila kinanda, bila spika, hata kama familia imekodi jenereta. Muwe wachache, wanne au watano. Kabla ya kuimba chochote, wasalimieni wafiwa, kaeni kwenye mikeka na viti pamoja nao, na muulize kwa upole marehemu alipenda wimbo gani. Ukijibiwa, huo ndio wa kwanza, hata kama hamuujui. Mwombe mmoja wa wazee auanzishe, nanyi mfuate.

Usipange orodha. Imbeni kwa sauti ya kuweza kudumu usiku kucha, ufunguo ukiwa chini kuliko wa Jumapili, maana koo huchoka na baridi ya alfajiri hukausha sauti. Nyimbo za kurukaruka zina saa yake, lakini mtu akianza kulia karibu na jeneza, punguzeni mwendo bila kunyamaza ghafla. Someni Zaburi katikati, ile ya 13 au ya 88 kwa wale walioshindwa kuelewa, ile ya 23 kwa wote. Kila mtu wa timu abebe kitabu cha tenzi, tochi na sweta, kwa sababu ikifika saa tisa usiku jenereta huishiwa na mafuta, taa ya uani huzimika, na waliobaki kuzunguka moto ni jamaa wa karibu na akina mama wachache wa kanisa. Hapo acheni kuongoza. Kaeni kimya msubiri atakayeanzisha wimbo, kisha mpokeeni.